Mkeka Juu ya Jaruba

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Aprili mwaka 2024, yapata saa 11 jioni. Mvua ya masika ilikuwa imekatika kidogo, na mama mkwe akatoka nje na kigoda chake ili apate hewa. Mara tukasikia kishindo, kisha kimya. Tulipokimbilia uani tulimkuta amelala ubavu, mkono wa kulia umekunjamana chini yake. Ndala yake moja ilikuwa bado imenasa kwenye maungio ya kapeti la nyasi bandia tulilokuwa tumelitandika pale kwa fahari kubwa.

Wapendwa wasomaji, habari hii tunaiandika tukiwa wawili, mume na mke, ingawa kalamu imeshikwa na mama wa nyumba. Yeye ni muuguzi, na kwa miaka mingi amekuwa akijitolea kanisani kuwatembelea wagonjwa na wazee majumbani. Katika ziara hizo huwaonya watu juu ya mambo yanayowaangusha wazee: mkeka uliokunjika, sakafu yenye maji, kizingiti kisichoonekana gizani. Maneno hayo aliyasema katika nyumba nyingi za Mwanza. Katika nyumba yake mwenyewe hatari ilikuwepo zaidi ya mwaka mzima, nasi tukawa tunairuka tu kila siku tukienda kazini.

Kibubu cha mfereji

Tunaishi Buhongwa, upande wa bondeni. Jiji la Mwanza linajulikana kwa mawe yake, na mgeni akiona nyumba zilizokaa juu ya miamba hudhani kila mtu hapa amejenga juu ya jabali. Sivyo. Msukuma anayepanda na kushuka vilima hivi analijua jambo hilo kwa majina: juu, karibu na mawe, kuna luseni, udongo wa kichanga unaopitisha maji upesi, chini kabisa bondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, aliandika juu ya mpangilio huu wa udongo unaobadilika kutoka kileleni hadi bondeni. Wakulima walikuwa wameshauona zamani.

Kiwanja chetu kipo kwenye mbuga. Kiangazi ardhi hupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono. Masika hugeuka tope linalong'ang'ania viatu, na maji husimama uani siku nyingi. Kwa sababu hiyo tulikuwa na kibubu. Kila mwisho wa mwezi tuliweka chochote kilichopatikana, tukikusudia kuchimba mfereji wa kuyaondoa maji ya mvua.

Mwaka 2022 binti yetu alichumbiwa, na sendoff ikapangwa kufanyika mwezi Julai. Wakwe walikuwa waje nyumbani. Tulipoutazama ule ua wenye nyufa na vumbi, moyo ulitushuka. Tungewapokeaje wageni mahali pale? Akina mama wenye viatu vya visigino wangetembeaje?

Hapo ndipo lilipokuja wazo la nyasi bandia. Siku hizi makapeti hayo yanauzwa mjini, na watu huyatandika barazani, kwenye maduka na mahali pa kupigia picha. Isitoshe, Uwanja wa Nyamagana hapa katikati ya jiji una nyasi bandia, na Kaitaba kule Bukoba vilevile. Baba wa nyumba ni mpenzi wa mpira. Alisema kama wachezaji wanakimbia juu yake, wakwe watashindwaje kutembea? Lakini tukiri ukweli: aliyelitaka kapeti lile zaidi ni muuguzi, huyu anayeandika. Ndiye aliyekwenda kukivunja kile kibubu.

Mtu aliyetuuzia alituhakikishia kwamba linakaa juu ya udongo wowote. Alikuja asubuhi na vijana wawili, wakasawazisha juujuu, wakamwaga mchanga kidogo, wakakunjua mapande matatu yenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 5, wakayapigilia misumari pembeni. Kufikia saa 8 mchana ua wetu wa mita 30 za mraba ulikuwa kijani kibichi.

Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi baada ya baba mkwe kufariki. Kwao ni Kwimba, na maisha yake yote amelima mpunga. Alisimama mlangoni akatazama, akaligusa kapeti kwa fimbo yake, akasema kwa upole:

"Wanangu, udongo huu mnaujua? Huu ndio tunaochimbia majaruba, kwa sababu unashika maji. Mmetandika mkeka juu ya jaruba."

Tulicheka. Hata yeye alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akaingia ndani.

Sendoff ilifana. Picha zilikuwa nzuri sana. Tunazo hadi leo.

Alivyoanguka mama

Mwaka wa kwanza kapeti lilivumilia. Mwishoni mwa mwaka 2023 zikaja mvua kubwa za El Niño, na zilipofuatwa na masika ya mwaka 2024, ua wetu ulianza kusema siri zake. Penye njia ya kutoka mlangoni, ambapo watu wote hukanyaga, nyasi zilikuwa zimelala na kukatika hadi mgongo wa kapeti ukaonekana. Katikati palibonyea kama sahani. Maungio yaliachana na kuinuka juu, yakawa mdomo uliofumbuka. Ukikanyaga, maji ya tope yaliruka na kukuchafua miguu.

Tuliona yote hayo. Tuliweka tofali hapa, tukapiga msumari pale. Tulisema tutashughulikia likizo ikifika. Kisha mama akaanguka.

Hospitali walipiga picha, wakatuambia mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Mvunjiko huo huwapata sana akina mama wazee, kwa kuwa mtu akianguka hutanguliza kiganja ili kujikinga, na mifupa ya mwanamke hupungua nguvu baada ya kukoma hedhi. Wakamfunga hogo kwa wiki 6.

Simu ya kwanza ilitoka kwa wifi kule Ngudu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Wifi, mama yetu amevunjika kwa ajili ya kapeti la mapambo?" Hatukuwa na jibu.

Usiku ule tuligombana kama hatujagombana kwa miaka mingi. Baba alisema fedha za mfereji ziliondoka kwa ajili ya kuonekana na watu. Mama alijibu kwamba kama baba angeshika jembe badala ya kupigilia misumari kila Jumapili, yasingetokea. Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja aliisema ili imchome mwenzake. Tulilala tumegeukiana migongo.

Lakini lililotuumiza zaidi lilikuja baadaye. Mkono uliunga vizuri, hogo likafunguliwa, lakini mama hakutoka nje tena. Alikuwa na desturi ya kuota jua la asubuhi, kuchagua mchele na kusalimiana na majirani waliopita. Sasa alikaa chumbani. Akisogea hadi mlangoni hushika mwimo, akalitazama lile kapeti, akarudi. Sisi wauguzi tunaijua hali hiyo. Mzee aliyeanguka mara moja huingiwa na hofu, hofu ikamfanya asitembee, na asipotembea miguu inalegea. Miguu ikilegea, anguko la pili linakuwa karibu zaidi. Mara nyingi ni hofu inayommaliza mzee kuliko mfupa wenyewe.

Siku moja akamwambia mwanawe, "Baba, nirudisheni Kwimba. Kule hata nikianguka, nitaanguka kwenye ardhi ninayoijua."

Kule Kwimba nyumba yake haina mtu wa kulala naye. Baba wa nyumba alitoka nje akasimama peke yake uani kwa muda mrefu. Aliporudi alisema, "Kesho naling'oa." Mama wa nyumba akajibu, "Tutaling'oa wote." Ndivyo tulivyoombana radhi, maneno mengine hatukuyasema siku ile.

Kilichokuwa chini

Tulingoja kiangazi. Mwezi Julai, miaka miwili kamili tangu ile sendoff, tulichukua likizo kwa pamoja na kulifunua.

Harufu ya uvundo ilitupiga kwanza. Mchanga tuliomwagiwa ulikuwa umezama kwenye udongo, hauonekani. Vile vitundu vidogo vilivyo mgongoni mwa kapeti, ambavyo kazi yake ni kupitisha maji, vilikuwa vimezibwa na mfinyanzi uliopanda juu kila mtu alipokanyaga. Tulikumbuka pia kwamba wakati wa mvua, tulipoinua ukingo mmoja, tulikuta kidimbwi chenye viluwiluwi vya mbu. Mbu waenezao malaria hawahitaji bwawa. Kidimbwi kidogo cha muda kinawatosha, na kwenye joto letu yai huweza kuwa mbu anayeruka katika muda wa wiki 1 hadi 2. Muuguzi wa nyumba alikuwa akigawa ushauri wa vyandarua huku akifuga mbu chini ya kapeti lake.

Tulimwita mama aone. Alikuja akishikwa mkono hadi kizingitini. Akasema, "Mnaona? Maji yameshuka yakakosa pa kwenda."

Maneno hayo machache ndiyo elimu yote. Mvua ikinyesha juu ya nyasi bandia hupita kwenye vitundu na kushuka. Chini yake kukiwa na luseni, maji huendelea na safari. Kukiwa na mfinyanzi, hugota. Mfinyanzi nao ukinywa maji huvimba, na ukikauka husinyaa na kupasuka. Basi kila msimu ardhi iliinuka na kushuka, ikilivuta kapeti huku na huku hadi maungio yakaachana. Hata tungenunua kapeti la bei kubwa mara mbili, lingekufa vilevile.

Nyasi hizi zilipata umaarufu mwaka 1966 zilipotandikwa ndani ya uwanja wa Astrodome mjini Houston, Marekani, uwanja wenye paa ambao nyasi za kweli zilishindwa kuota. Mahali pale hapanyeshewi. Na viwanja vya wazi vya mpira vinavyotengenezwa vizuri huwekewa kwanza matabaka ya kokoto na mifereji ya kutolea maji, kisha ndipo kapeti hufuata. Sisi watazamaji tunaona kijani tu.

Kanisani tumeusikia mara nyingi mfano wa nyumba mbili ulio katika Mathayo 7, ile ya mwambani na ile ya mchangani. Tukiwa watu wa Mwanza tulijiona tuko upande wa mwamba. Hatukuwahi kujiuliza tumesimama juu ya nini hasa.

Jinsi tulivyotengeneza

Tunaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, maana tunajua wapo wengine wenye ua kama wetu.

Kwanza tuling'oa misumari yote na kuihesabu ndani ya kopo, usibaki hata mmoja ardhini. Ilikuwa imeshika kutu. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo, na msumari unaochoma mguu huviingiza ndani kabisa. Mwenye kuchomwa asisubiri. Aende kituo cha afya akasafishwe kidonda na kuulizwa habari za chanjo yake.

Pili, tulilisafisha kapeti. Tulilikung'uta mchanga, tukaliosha kwa maji na sabuni ya kawaida, tukalisugua kwa brashi ngumu kinyume na nyasi zilivyolala, ili zisimame. Kisha tulikagua mgongo wake. Mahali ambapo mgongo ni mzima, kapeti linafaa hata kama nyasi zimechoka. Mahali ambapo mgongo umemenyeka na nyasi zinang'oka ukizivuta kwa vidole, hapafai tena. Katika mapande yetu matatu, mawili yalikuwa yanaweza kuokolewa. La tatu, lile la mlangoni, lilikuwa limekwisha. Hatukununua jingine. Tuliamua ua uwe na mita 20 za mraba za nyasi, na zile 10 zilizobaki zirudi kuwa ardhi.

Tatu, tulichimba. Jioni tulinyunyizia udongo maji kidogo ili sururu iingie, na asubuhi tukaondoa inchi 6. Jirani mmoja alichukua udongo ule kwa kujengea majiko, na mwingine kwa kuziba ukuta. Kitako cha shimo tulikipa mwinamo kutoka ukuta wa nyumba kuelekea mwisho wa ua, sentimita 2 kwa kila mita. Kwa urefu wa mita 5 mwisho wake uko chini kwa sentimita 10. Tulipima kwa kamba na pima maji. Macho hayatoshi, yetu yalitudanganya mara mbili.

Nne, mfereji, ule ule wa kibubu. Tuliuchimba upande wa chini, tukaujaza mawe makubwa, na kuuelekeza kwenye migomba yetu iliyo pembeni. Tulijihadhari maji yasiende kwa jirani. Kumpelekea mwenzako tope lako si kutengeneza.

Tano, kokoto. Hizi tulizinunua kwa akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo kandokando ya vilima. Msomaji aliyepita barabara zetu amewaona, wamekaa chini ya kivuli cha kitenge, mtoto pembeni. Kabla ya hapo tulikuwa tukipita tu. Sasa tulihitaji mita 2 za ujazo, na tulipowaona wakizijaza ndoo kwa ndoo, tuliona haya kuomba punguzo. Juu ya udongo tulitandika kwanza kitambaa kigumu cha kuchuja, kinachopitisha maji na kuuzuia mfinyanzi usipande. Fundi mmoja alitushauri tuweke nailoni; tulikataa, kwa kuwa nailoni ingelirudisha lile jaruba. Juu ya kitambaa tukamwaga kokoto sentimita 10, tukazishindilia, kisha vumbi la kokoto sentimita 4, tukalinyunyizia maji na kulishindilia tena hadi likawa gumu na laini.

Sita, kabla ya kurudisha kapeti, mama alituma ujumbe kutoka chumbani: "Mimineni maji kwanza." Tukamimina ndoo nzima ya lita 20 mahali pamoja. Tulisimama tukitazama kama watoto. Maji yalizama, na baada ya muda mfupi tukayaona yakitoka taratibu kwenye mfereji. Tunashauri kila mtu afanye jaribio hilo kabla ya kufunika chochote.

Saba, tulirudisha mapande mawili, nyasi zote zikiwa zimeelekea upande mmoja. Kingo zilizochakaa tulizikata kwa kisu kikali upande wa mgongoni ili tusikate nyasi, tukazikutanisha bila kupandana na bila kuacha nafasi ya kidole. Chini ya maungio tuliweka utepe mpana maalumu wenye gundi, tukaugandamiza kwa matofali usiku kucha. Pale mlangoni, penye kukanyagwa sana, hatukuweka nyasi. Tuliweka mawe bapa.

Yaliyobaki

Kulikuwa na swali la lile pande bovu. Kulichoma moto haifai. Moshi wa plastiki ni sumu kwa mapafu ya watoto. Kulitupa mtaroni ni vibaya zaidi, kwa sababu mitaro ya Mwanza yote husafiri hadi ziwani. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha utafiti ulioonyesha vipande vidogo sana vya plastiki ndani ya matumbo ya sangara na sato walionunuliwa sokoni hapa hapa Mwanza. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini nyasi bandia zinazochakaa nazo ni plastiki, na zile nyuzi zinazokatika huchukuliwa na mvua. Sehemu zilizokuwa imara tulizikata vipande vya kufutia miguu. Nyingine tulizikunja na kuzikabidhi kwa wazoa taka. Siku hizi tunafagia ua kabla ya mvua.

Tuseme pia lile ambalo muuzaji hakutuambia: nyasi hizi huungua jua. Penye jua kali la mchana joto lake linaweza kupita sentigredi 60, nao mguu wa mtoto au wa mzee ni laini. Sisi huzimwagia maji kabla ya watoto kucheza, na tumepanda mwembe ambao, Mungu akipenda, utakuwa kivuli.

Kwa mama mwenzetu anayetaka kapeti hili tunasema hivi: hatukukatazi, maana watoto wetu wanalifurahia. Lakini chukua jembe kwanza uchimbe shimo dogo uani, ulijaze maji jioni, ulitazame asubuhi. Maji yakiwa bado yamo, fedha yako ya kwanza iende chini, kwenye mwinamo, kokoto na mfereji. Ikibakia ndipo ununue kijani. Na kama lako limeshachakaa, usikimbilie kununua jipya. Lifunue uone kilichomo. Na ukiona maungio yameinuka hata nusu inchi huku una mzee ndani ya nyumba, usisubiri likizo.

Ile sehemu tuliyoirudisha kuwa ardhi, mama aliiomba. Alisema mbuga ni udongo mzuri ukipewa kazi yake. Tulimpa. Mwanzoni alikuwa akielekeza kutoka mlangoni, "Hapo, inua tuta," halafu akawa anasogea hatua mbili, halafu nne. Mvua za vuli zilipoanza alikuwa akitoka mwenyewe kwa fimbo, akipita juu ya yale mawe bapa, kwenda kutazama matembele yake.

Masika ya mwaka 2025 yalinyesha juu ya ua huu, nalo kapeti halikuinuka. Wifi alikuja kutoka Ngudu kumsalimu mama yake. Alimkuta amekaa uani juu ya kigoda, ungo mapajani, akichagua mchele. Wifi alilikanyaga kapeti polepole, akalibonyeza kwa kisigino pale penye maungio, akatutazama. Hakusema neno. Aliinama, akavua viatu, akakaa chini kando ya mama, akaanza kumsaidia kuchagua.

Habari ya kurudi Kwimba haijatajwa tena, isipokuwa wakati wa mavuno, na hapo mama hutuambia kabisa siku atakayorudi.